Mkanda Unaopita Chini ya Unyayo

Alivua soksi zake kama mtu anayekwenda kuungama. Kwanza ya kushoto, akaikunja vizuri, akaiingiza ndani ya kiatu. Kisha ya kulia. Kisha akageuza uso upande wa barabara ili asione ninachokiona mimi. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu barazani, beseni la maji mbele yangu, na kando ya beseni nimetandaza karatasi ya kaki iliyotoka kwenye mfuko wa saruji. Ndivyo ninavyoanza na kila mteja. Nyumba yangu iko Katuba, baraza ndiyo karakana, na kazi yangu ni kushona viatu kwa ajili ya miguu ambayo viatu vya dukani vimeikataa.

"Chovya muguu, papa, kisha kanyaga hapa. Usiogope," nilimwambia, maana huku kwetu mwanamume mzima tunamwita papa.

"Haiko woga," alijibu. "Iko haya."

Akachovya, akakanyaga, akainua. Mguu wa mtu wa kawaida huacha alama yenye kiuno: kisigino, halafu ukanda mwembamba upande wa nje, halafu vidole. Ule wa kwake haukuwa na kiuno. Ulikuwa umejaa kutoka mwanzo hadi mwisho, kama pasi ya mkaa iliyowekwa juu ya karatasi ipoe.

"Iko mubaya sana?" aliuliza, bado anatazama barabara.

Nilitaka kumjibu kama fundi. Nilikuwa na maneno yangu tayari, ya unyayo bapa na uvungu ulioshuka. Badala yake mdomo wangu ukasema, "Papa, muguu yako haipendi kuacha hata kipande ya udongo peke yake."

Kicheko chake kilianzia mabegani, kikashuka tumboni, na sauti ikafika mwisho kabisa, ikiwa imechelewa. Nami nikacheka. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, nikajifuta kwa mkono ule ule ulioshika brashi ya gundi, na nyusi yangu ya kulia ikasimama wima kama imeitwa jina. Ilichukua mafuta ya mawese na uvumilivu wa dada yangu kuirudisha mahali pake.

Nilikuwa na miaka hamsini na mmoja wakati huo, mjane kwa miaka tisa. Nalisema hili mapema ili pasiwe na mtu atakayefikiri palikuwa na msichana pale barazani. Palikuwa na mama mwenye vidole vigumu na miwani iliyofungwa kwa uzi wa kushonea viatu. Baba yetu alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli, sisi tukazaliwa Lubumbashi na kuzeekea Lubumbashi. Ufundi nilijifunza katika karakana ya hospitali moja, kwa fundi mzee aliyewashonea viatu watoto wenye miguu iliyopinda. Aliniambia mguu unasomwa kwanza, unaguswa baadaye. Nimeisoma mingi. Sikuwahi kubandika nyusi.

Dada yangu mkubwa, ambaye namwita Yaya kama kila mtu wa mji huu anavyomwita dada yake, huja kwangu kila Jumamosi kuchambua maharagwe na kutazama maisha yangu, kwa sababu, anasema, ya kwake hayana tena cha kutazama. Siku ile alichukua dakika nne kumaliza kazi ambayo mimi nisingeimaliza kwa mwaka. Kabla mgeni hajavaa soksi zake, tulikwishajua kwamba ni mtu wa hapa hapa Katanga, wa ukoo wa barabara ya Kasenga. Kwamba anafanya kazi Kasumbalesa, mpakani, ya kuwashughulikia wenye malori karatasi zao za forodha. Kwamba anaondoka Jumatatu na kurudi Ijumaa. Kwamba kule anasimama na kukimbia kutoka dirisha hadi dirisha tangu asubuhi hadi jua lizame. Kwamba mke wake alifariki zamani. Na kwamba watoto wake wote wana nyumba zao.

"Na nani anakupikiaka?" Yaya aliuliza.

"Miye mwenyewe."

"Masikini," Yaya alisema, akaniangalia mimi.

Nilimshonea viatu vya ngozi ya kahawia, na ndani yake, chini ya uvungu wa unyayo, nikaweka kilima kidogo cha kizibo kilichochongwa, cha kuuinua mguu uliolala. Hiyo ndiyo dawa ya kawaida. Aliondoka navyo anatembea kama askari. Jumamosi iliyofuata alirudi.

"Asubuhi iko muzuri sana, mama fundi. Lakini kufika saa saba, ni kama muntu alitiya libwe ndani."

Nikapunguza kile kilima ili jiwe lake liishe. Jumamosi iliyofuata akarudi tena.

"Sasa saa saba iko muzuri. Lakini asubuhi ni kama hakuna kitu."

Nikaongeza kidogo. Akarudi. Nikapunguza nusu ya nilichoongeza. Akarudi. Mtu mwingine angenitukana. Yeye alikuwa akiniomba radhi kwa niaba ya miguu yake, kama mzazi aliyeitwa shuleni. Mimi nilianza kuona aibu ya ufundi, aibu ambayo ni kali kuliko ya kawaida, na nikaamua jambo.

"Papa, siku ya posho inayokuya, usiende popote," nilimwambia. Siku ya posho ndiyo Jumamosi huku kwetu. "Utashinda hapa. Nitapima muguu yako kila saa."

"Siku muzima?"

"Siku muzima."

Alijitahidi kuonekana kama mtu anayefikiri juu ya ratiba yake. Alijitahidi kwa muda mfupi sana.

Alifika saa mbili asubuhi amevaa shati lililopigwa pasi. Nikachukua alama ya kwanza. Maji hukauka haraka, kwa hiyo nilikuwa nafuatisha ukingo wa unyayo kwa penseli kabla haujapotea, naandika saa pembeni, kisha natundika karatasi kwenye kamba ya nguo. Kati ya kipimo na kipimo miguu ilitakiwa ichoke, na kazi hiyo Yaya aliibeba kwa moyo wote. Alimtuma makaa. Alimtuma kwa jirani kuazima chungio. Alimtuma sokoni kuleta chumvi, na aliporudi akamtuma tena kwa sababu, alisema, ile chumvi ilikuwa na sura mbaya.

"Njo siyansi, papa," alimwambia kila mara, yaani ndiyo sayansi yenyewe. "Tembea."

Kufika saa tisa nyayo nane zilikuwa zinapepea kwenye kamba. Jirani wa ng'ambo alivuka kuja kuuliza kama tumefungua kanisa. Sisi hatukuwa na muda wa kumjibu, kwa sababu tulikuwa tumesimama wote watatu mbele ya zile karatasi, na nilikuwa naona kitu ambacho katika miaka yote ya kazi sikuwa nimekiona. Alama ya saa mbili asubuhi ilikuwa na kiuno. Kidogo, lakini kilikuwepo. Saa nne kilikuwa kimenenepa. Saa sita kilikuwa kimekwisha. Saa tisa mguu ulikuwa umetandaa hata kupita mstari wa kwanza. Mtu huyu hakuwa na mguu mmoja wa kushoto. Alikuwa na kadhaa kwa siku, na mimi nilikuwa nimemshonea mmoja tu.

"Ah," alisema yeye, kichwa amekiinamisha upande. "Njo vile muzigo inafanyaka."

"Muzigo gani?"

"Ya malori. Asubuhi dereva anakaza sangle" — ndiyo mikanda mipana ya kufungia shehena — "anakaza nguvu, inalia kama gitare. Barabara inatikisa. Muzigo inashuka, inakaa. Kufika saa sita, sangle yote imeregea. Dereva muzuri anasimama, anakaza tena kidogo. Dereva mubaya anakaza mara moja asubuhi, kisha anaomba Mungu."

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka kwamba sinia la maharagwe lilianguka, na kwamba Yaya alipiga kelele, na kwamba mimi nilikuwa nimenyoosha mkono kwa yule mwanamume.

"Toa mukaba."

"Mama?"

"Mukaba ya patalo. Toa. Mbio!"

"Eh!" Yaya alisema. "Saa tisa ya muchana! Na bantu banapita!"

Lakini yeye alikwishaufungua. Macho yalimtoka, mkono mmoja umeshikilia kiuno cha suruali, mwingine unanipa mkanda, na hakuuliza tena. Nilipiga magoti juu ya maharagwe. Nikaupitisha ule mkanda chini ya unyayo wake, pale uvungu unapotakiwa kuwa, nikaupandisha upande wa ndani, nikauvusha juu ya mguu, nikavuta kuelekea nje. Niliona mguu ukiinuka. Naapa. Uliinuka kama mtu anayeamshwa polepole na mtu anayempenda.

"Sasa simama juu yake," nikasema. "Taratibu."

Akasimama. Akauweka uzito wake wote.

"Inanibeba," alisema kwa sauti ndogo. "Mama fundi, inanibeba."

Nilitaka kumkumbatia. Kwa kuwa haikuwezekana, nilimkumbatia Yaya, nikamwinua kutoka chini, yeye na uzito wake wote, naye akapiga kelele kwamba nimerukwa na akili, na mimi nikamjibu ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Furaha hiyo ilinibeba wiki kadhaa, na niliihitaji, kwa maana viatu vyenyewe havikutaka kuzaliwa. Mara ya kwanza niliushona mkanda upande wa ndani na kuuvuta kutoka nje, na mguu ukazidi kulala. Nikageuza: mwanzo wake nikaushona chini ya soli ya ndani, upande wa nje, ukapita chini ya uvungu na kupanda upande wa ndani. Sasa uliinua, lakini ulikata kama uzi kwenye ugali. Nikaukata upya uwe mpana chini, mpana kama kiganja, na mwembamba juu. Sasa uliinua bila kukata, lakini haukushikika. Nilipoweka matundu na kishikizo cha chuma kama vya mkanda wa suruali, tundu moja lililegea na lililofuata likabana. Mguu wake ulikuwa unaishi katikati ya matundu. Nikaweka ile inayonata, ambayo sisi tunaiita skrachi. Ilinata vizuri mpaka vumbi jekundu la Kasumbalesa lilipoingia ndani yake, na baada ya hapo ikawa inafunguka yenyewe, kwa kelele, mbele ya maofisa.

"Walifikiri ni patalo imepasuka," aliniambia. "Mukubwa moya alinigeukia mugongo kwa heshima."

Siku moja nilikuwa nimekaa na kiatu hicho mapajani, nimekitazama kama mtoto aliyekataa kula, Yaya akaacha kuchambua maharagwe. Aliingiza vidole kwenye ukosi wa blauzi yake na kuvuta nje kamba ya sidiria.

"Na hii?"

Kulikuwa na kile kipete kidogo, chenye ukuta katikati, ambacho mkanda hupita juu yake na kurudi chini. Alikisogeza kwa kidole gumba: juu kidogo, chini kidogo, unywele kwa unywele. Kilikaa popote alipokiacha.

"Siye banamuke tunabebaka muzigo na kakintu haka tangu zamani," alisema, "na hakuna muntu alituita bainjenyere."

Nilikwenda sokoni siku hiyo hiyo na kununua mabegi matatu ya mitumba, ya shule, yaliyochanika, kwa ajili tu ya vipete vya chuma kwenye mikanda yao ya mabegani. Vilikuwa vipana na vizito. Vumbi halikuvifanya kitu. Nilishona siku tatu bila kupika.

Viatu vilipokamilika vilikuwa vizuri, nalisema bila aibu. Mbele vilikuwa viatu vya ofisi, vya kahawia, vyenye heshima. Mkanda ulitoka kwenye mpasuko wa ndani, ukavuka juu na kushuka upande wa nje, ukaonekana kama pambo. Asubuhi unavuta kidogo tu. Saa nne unasogeza kipete upana wa punje ya mchele. Saa sita tena. Jioni, ukikaa, unalegeza, na mguu unapumua. Alivivaa wiki nzima mpakani na kurudi Jumamosi bila kuchechemea. Alitembea mbele yetu kwenda na kurudi, akapanda ngazi mbili za baraza na kushuka, akapanda tena, akageuka kwa kisigino kama mtu wa maonyesho ya mavazi. Yaya alipiga makofi.

Nami, kwa kiburi changu chote cha ufundi, nikamwambia, "Basi, papa. Ukisikia imeregea, unavuta hapa. Ukisikia inabana, unaachilia hapa. Unajua yote. Hauna tena lazima ya kurudi."

Niliisikia sentensi hiyo ikitoka kinywani mwangu kama mtu anayesikia mlango wa nyumba yake ukijifunga na yeye yuko nje.

Alisimama pale kwenye ngazi ya pili. "Hata siku moya?"

"Hata moya," nilisema, kwa sababu ulimi ukishaanza ujinga huona aibu kuacha katikati.

"Aksanti, mama fundi." Akanipa mkono. Akampa Yaya mkono. Akaenda, anatembea vizuri mno, na kila hatua yake nzuri niliichukia.

Yaya alingoja mpaka alipopinda kona. "Akili ya miguu uko nayo mingi," alisema. "Ya kichwa, tutakuombea."

Jumamosi iliyofuata hakuja. Alikuja mama mmoja mwuza samaki mwenye kidole kilichovimba, akaja mwalimu mwenye mguu mmoja mfupi, na wote wawili niliwapima huku nikitazama barabara. Soli moja niliishona kinyume. Yaya hakusema chochote siku nzima, na kwake hiyo ni adhabu ya juu kabisa.

Jumamosi ya pili, saa tatu asubuhi, nilimwona mbali. Alikuwa anachechemea. Moyo wangu uliruka, nao ulikuwa na haya kidogo, kwani fundi gani anafurahi kuona kazi yake imeharibika? Alichechemea mguu wa kushoto mpaka kwenye lango. Kutoka langoni mpaka barazani alichechemea wa kulia.

"Mukanda inakatala," alisema.

Nikakichukua kiatu. Mkanda ulikuwa umepitishwa kwenye kipete kinyume, kutoka chini kwenda juu. Mtu huyu maisha yake yote anaangalia jinsi shehena inavyofungwa. Nikautoa, nikaurudisha sawa. Ilichukua muda wa kupiga chafya. Tulizungumza mpaka saa saba.

Jumamosi ya tatu alikuja tena, na safari hii aliniwekea kiatu mapajani bila kuniangalia. Mkanda ulikuwa haujongei kabisa. Nikaweka miwani. Nikavuta. Nikasogea kwenye mwanga. Mtu alikuwa ameushona mkanda kwenye ngozi, papo hapo, kwa mishono sita mikubwa iliyopinda, kwa uzi mweupe mnene ambao haujawahi kuwa uzi wa viatu.

"Mushono ya nani hii?" niliuliza.

Akakohoa. "Iko… muntu fulani. Kule mupakani."

"Muntu fulani anashona kama anafunga dosie ya makaratasi ya forodha."

Alitazama dari la baraza. Masikio yake yalikuwa yanang'aa. Nikageuza kiatu, na pale chini ya mshono wa mwisho niliona fundo, na ndani ya fundo kipande kidogo cha karatasi ya ofisi chenye nusu ya muhuri.

Yaya hakuinua macho kutoka kwenye maharagwe. "Papa," alisema, "kama unataka kuya, kuya tu. Usitese biatu."

Sijui nani alianza kucheka. Najua kwamba mimi nilimaliza nikiwa nimekaa chini sakafuni, miwani imening'inia kwenye sikio moja, na kwamba yeye alikuwa ameshika nguzo ya baraza kwa mikono miwili, na kwamba kila tulipotaka kuacha Yaya alikuwa anasema "muntu fulani" kwa sauti ya ofisa, na tunaanza tena. Jirani wa ng'ambo alikuja mpaka katikati ya barabara, akatuangalia, akarudi.

"Basi nitakuya," alisema hatimaye, anajifuta uso.

"Lini?"

"Kila siku ya posho."

"Na siku zingine?" Hilo swali liliulizwa na mimi. Nililisikia, nikashangaa, lakini sikulirudisha.

"Siku zingine niko Kasumbalesa," alijibu. "Lakini nitakuwa nafikiria kuya."

Niliikata ile mishono sita kwa ncha ya kisu. Ile karatasi yenye nusu ya muhuri niliiweka mahali ambapo sitapataja hapa.

Kiangazi kilipoingia, akaniambia ni wakati wa kwenda kumwona mama yake, aliyekuwa anaishi na mashamba yake ya mihogo upande wa Kasomeno, kwenye barabara ya Kasenga. Binamu yake alikuwa na pikapu. Tukapanda wote watatu mbele: binamu kwenye usukani, mimi katikati, yeye dirishani. Yaya alikuwa amenifundisha nini cha kusema kama bibi ataulizia watu wangu wa Kasai, ambao Katanga haikuwapenda siku zote, nini kama ataulizia umri wangu, nini kama atanipa chakula ambacho sikijui. Niliyarudia yote kimoyomoyo, na kila tulipopita kilima nilisahau moja.

Bibi alikuwa mdogo, mkavu, amevuka miaka themanini, amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba anamenya mihogo. Nilipiga magoti, nikamsalimu kwa mikono miwili. Hakuniuliza watu wangu. Hakuniuliza umri. Hata hakunitazama usoni. Alikuwa anatazama miguu ya mwanawe.

"Umetoka kwenye motoka mupaka hapa bila kulalamika," alimwambia. "Juu ya nini?"

"Njo biatu, mama. Ni yeye alishona."

"Toa."

Akavua. Bibi akavichukua, akaingiza mkono ndani, akavuta mkanda, akausikiliza. Kisha akafuta nyayo zake kwa kanga na kuvivaa. Nikaona mara moja: mwana alikuwa ameuchukua mguu wake hapo hapo, mpana, uliolala, bila kiuno, tofauti ilikuwa ukubwa tu. Nilitambaa mpaka kwake kumwonyesha kipete. Akanisukuma mkono. Alikisogeza mwenyewe, kidogo, kidogo tena, mpaka mkanda ukameza nafasi yote iliyozidi na mguu ule mkavu ukashikwa. Akasimama. Akakanyaga. Nyusi zake zikapanda.

"Mbele kunabakia nafasi ya bageni," alisema, akielekeza vidole vyake ambavyo havikufika mwisho wa kiatu.

Kisha akaondoka. Alitoka uani, akapita mihogo, akashika njia ya kwenda kwa majirani, visigino vinapiga *pa, pa, pa* kwenye udongo mgumu, bila fimbo. Fimbo ilibaki imelala kwenye mkeka. Tulingoja. Binamu alilala ndani ya pikapu. Nilimaliza kumenya mihogo yake yote. Ilipofika saa tano tukaona afadhali tumfuate, na kwa kuwa mwanawe hakuwa na viatu, na udongo ulikuwa umeshika moto, na njia ilikuwa na vijiwe, alinishika mkono. Ilikuwa mara ya kwanza. Alisema ni kwa sababu ya vijiwe. Sehemu ndefu ya njia ile haikuwa na kijiwe hata kimoja.

Tulimkuta kwenye nyumba ya tatu, amesimama katikati ya wanawake wa rika lake, ameinua kanga mpaka magotini, anawaonyesha. Mmoja alikuwa amepiga magoti kuangalia mkanda unapoingia. Mwingine aliniuliza kama ninashona pia kwa mguu wenye kidole cha ziada. Nilisema ninashona. Bibi alitutazama sisi wawili, akaitazama mikono yetu, ambayo tulisahau kuiachanisha.

"Biatu, nabaki nabyo," alimwambia mwanawe. "Mwanamuke, baki naye."

Kisha kwa mara ya kwanza akanitazama usoni. "Utamushonea bingine?"

"Nitamushonea, mama."

"Basi imekwisha," alisema, akarudi kwa wenzake, kwa maana kulikuwa na mmoja ambaye bado hajaona upande wa kushoto.

Mwanawe alirudi Lubumbashi amevaa ndala za mama yake, za plastiki, rangi ya waridi, visigino vyake vinaning'inia nje nusu. Kwenye kizuizi cha barabara yule aliyekuwa anafungua kamba aliinama dirishani kutusalimu, akaona, akashindwa kujizuia.

"Papa, biatu yako iko wapi?"

"Nimebadilisha," alijibu, amekaa wima kama chifu.

"Na nini?"

Akanionyesha kwa kidevu. Yule mtu alinitazama, akazitazama zile ndala, akanitazama tena, akafungua kamba na kutupigia saluti. Mimi nilikuwa nimejificha uso kwenye bega la binamu, nacheka, na kwenye mfuko wa gauni langu kulikuwa na alama sita za nyayo za wanawake wa Kasomeno, nilizozichukua kabla hatujaondoka, zimekunjwa, saa ya kupimwa imeandikwa pembeni.